Mrejesho: darasa la mapishi Thailand, nimesharudi Mtwara

Wapendwa, niliuliza hapa kama inafaa kulipia darasa la mapishi Chiang Mai. Nililipia, na pesa haikupotea. Aliyenishauri nitafute darasa linaloanzia sokoni, Mungu ambariki: mwalimu alitupitisha kwenye meza za mchaichai, khulinjani (kiungo cha jamii ya tangawizi) na pilipili, tukanusa na kuuliza kabla hata ya kuwasha jiko.

Kilichonishangaza zaidi ni tui. Sisi huku tui zito linaingia mwisho, na unakoroga lisije likakatika. Wao kwenye mchuzi wa kijani wanalitanguliza: linachemka mpaka mafuta yanajitenga, ndipo viungo vilivyotwangwa vinakaangwa humo humo. Harufu yake acheni tu! Viungo nilitwanga mwenyewe kwenye kinu cha jiwe. Mkono uliozoea kisamvu haukuchoka.

Mlioulizia kama darasani ni lazima kupika nguruwe: mwambieni mwalimu mapema msichokula. Mimi nilipikia kuku.

Juzi nimejaribu nyumbani kwa samaki changu wa Msangamkuu, hapa kwetu Mtwara, na nazi zetu, nikatia majani machanga ya mdimu. Sufuria ilirudi tupu. Wifi yangu kaomba nimfundishe, Jumamosi tunapika wote.