Naomba ushauri: vigumba vya mishale, chuma cha malungu au cha dukani?

Wakuu, habari za kazi. Nina vigumba sita vya mishale ya kuwindia, vimenunuliwa Iringa mjini kama chuma cha malungu ya Ufipa, yaani matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma.

Vinne nina wasiwasi navyo: unene ni milimita 4 kila mahali na kingo zina mikwaruzo ya grenda. Kilichofuliwa kwa nyundo hukonda kuelekea ncha. Hicho ni chuma bapa cha dukani tu.

Viwili ndivyo vinaniumiza kichwa. Tundu la kuingizia uti limekunjwa, mshono uko wazi, na palipobanduka kutu pana mistari myeusi iliyolala kwa urefu, kama nyuzi za mti. Hayo ni mabaki ya takataka za tanuru. Lakini chuma cha zamani cha Ulaya nacho kina mistari hiyo, na wahunzi wetu walikifua upya. Mnavitofautishaje bila kukata sampuli?

Pili, kimoja kina utomvu mweusi mkavu karibu na tundu. Huenda ni sumu, na ya zamani bado huua, kwa hiyo nakishika kwa glavu. Siki sitaki, inakula uso wa chuma. Nikipaka nta juu ya kutu iliyotulia, inatosha kwa unyevu wa masika?