Naombeni ushauri: safari ya pikipiki za magurudumu manne Kiwengwa, tukiwa na kijana wa miaka 14

Mwalimu wa Iringa

Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi Juni, shule zitakapofungwa, nitakwenda Unguja pamoja na mke wangu, kijana wetu wa miaka 14, na dada yangu anayekuja likizo na mumewe kutoka Ujerumani. Tutakaa Kiwengwa kwa siku sita. Shemeji yangu ameona matangazo ya safari za kuongozwa kwa pikipiki za magurudumu manne, zile ambazo wengi wanaziita kwadi, zinazopita vijijini na mashambani, na ameniomba nipange safari moja ya watu watano.

Nimezungumza kwa simu na watoa huduma wawili. Wa kwanza, mwenye bei nafuu, amesema kijana anaweza kuendesha kwadi yake peke yake maadamu miguu yake inafika kwenye vikanyagio. Wa pili, ambaye bei yake imezidi ile ya mwenzake kwa karibu theluthi moja, amekataa katakata kumpa mashine mtu yeyote aliye chini ya miaka 16. Mke wangu hajawahi kuendesha chombo cha moto, naye huvaa gauni refu na mtandio, kwa hiyo nilifikiri apande nyuma yangu. Mimi mwenyewe nimekwenda kazini kwa pikipiki kwa miaka kumi na miwili na sidhani kama nitapata shida. Wote wawili wanaanza safari saa kumi jioni, na safari huchukua saa mbili na nusu.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kwenda na kwa wenyeji. Kijana amekwisha kuambiwa habari hii na mjomba wake na haongei jambo jingine, nami natamani afurahi, lakini natamani zaidi arudi Iringa akiwa mzima.

Kiongozi wa Zamani

Mwalimu, habari za huko. Niliongoza safari za kwadi upande wa mashariki wa Unguja kwa miaka sita kabla ya kuhamia kazi nyingine, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyezishika mashine hizo kila siku na aliyewainua watu walioangukiwa nazo.

Huyo aliyekukatalia ndiye wa kumpa fedha zako. Kwadi nyingi za watu wazima zina uzito unaozidi kilo 200, na kijana wa miaka 14, hata akiwa mrefu kama mlingoti, hana uzito wa kuirudisha chini inapoanza kuinuka upande mmoja. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani imeshauri kwa miaka mingi kwamba walio chini ya miaka 16 wasiendeshe mashine za ukubwa wa watu wazima. Anayepima umri kwa urefu wa miguu anataka kujaza mashine zake tu.

Kuhusu wewe mwenyewe, naomba usiudhike, lakini wageni walionitia hofu zaidi walikuwa wale waliofika wakisema wamezoea pikipiki. Pikipiki ya kawaida hulala pamoja nawe kwenye kona. Kwadi hailali. Katika nyingi ya mashine hizi magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka kwa mwendo mmoja, hivyo unapokata kona mashine hung'ang'ania kwenda moja kwa moja. Inakubidi upunguze mwendo kabla ya kona, usogee kwenye kiti kuelekea upande wa ndani, na uinamishe kiwiliwili huko huko. Mtu wa pikipiki anapohisi chombo kinamshinda hushusha mguu ili ajiegemeze, na hilo ndilo kosa lililoumiza miguu mingi niliyoiona, kwa kuwa gurudumu la nyuma linafuata papo hapo na kuukanyaga mguu. Mafuta nayo hayavutwi kwa kuzungusha mpini. Kuna kitufe kirefu kinachosukumwa kwa kidole gumba, na mtu akishtuka akaubana mpini kwa nguvu, kidole hicho hicho kinaongeza mafuta na mashine inaruka mbele wakati yeye anataka isimame.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kumwuliza mtoa huduma ni uwanja wa mazoezi: wapo wanaowazungusha wageni uwanjani dakika ishirini hadi kila mmoja ameweza kusimama, kukata kona na kupita kwenye tuta, na wapo wanaokuonyesha breki mnapokwisha kuingia njiani. Uliza pia kama kuna kiongozi mbele na mwingine nyuma. Mwendo wa msafara hupangwa na aliye nyuma, anayemwona anayechoka na anayefanya mchezo. Uliza kama kofia ngumu zipo za saizi mbalimbali, kwa maana kofia inayozunguka kichwani ni sawa na kutokuwa nayo.

Usinunue safari kwa mapapasi, yaani madalali wa ufukweni. Sisemi kwamba wote si waaminifu, na wengine ni marafiki zangu, lakini unapomlipa mtu wa kati hujui ni mashine ya nani utakayoikuta asubuhi wala ni nani atakayekuongoza.

Kwa mkeo na kijana, ulizia bagi, yaani kile kigari cha wazi chenye viti viwili sambamba, mikanda, na fremu ya chuma juu ya kichwa. Abiria akikaa huku mgongo wake umegusa kiti na nyayo zake zimekanyaga sakafu, yuko mahali panapomstahili.

Mama Nassor

Mwalimu, suala la mkeo kupanda nyuma yako limenigusa, kwa kuwa mimi nilipanda nyuma ya mume wangu katika safari kama hiyo, mahali pengine pwani. Tulipokuwa tukipanda mwinuko mfupi wenye mawe, uzito wangu uliivuta mashine nyuma, magurudumu ya mbele yakainuka, nami nikaanguka chali. Nilivunjika mfupa wa mtulinga. Kiongozi alikuwa mmoja kwa mashine tisa, naye alikuwa mbele kabisa, hivyo alikwenda mbali kabla ya kujua kwamba tumebaki.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba mashine ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Onyo lenyewe lilikuwa limebandikwa pale pale mbele ya kiti, kwa Kiingereza cha herufi ndogo zilizofifia kwa jua, na hakuna aliyetusomea. Zipo kwadi za watu wawili, ambazo ni ndefu zaidi na kiti chao cha nyuma kina egemeo na vikanyagio vyake, na hata hizo mimi singependa kuzipanda tena. Kiti kirefu peke yake si ushahidi kwamba mashine ni ya watu wawili, kwa maana urefu huo umewekwa ili dereva apate nafasi ya kusogea.

Kuhusu mavazi, mkeo asiwe na wasiwasi. Mimi huvaa baibui, na siku ile nilivaa suruali pana na gauni lililoishia magotini. Ncha za mtandio ziingizwe ndani ya nguo kabla ya kofia kuvaliwa, na kitu chochote kinachopepea kisikaribie magurudumu.

Tabibu wa Zamu

Ninafanya kazi katika chumba cha dharura na nitaongeza machache. Majeraha tunayoyapokea kutokana na mashine hizi ni ya mtulinga, kifundo cha mkono, mbavu na kifundo cha mguu, pamoja na kuungua shavu la mguu kwa bomba la moshi, jambo ambalo hutokea hata mashine ikiwa imesimama, mtu anaposhuka upande usiofaa. Linalonisumbua zaidi ni pigo la mpini tumboni. Mgonjwa hujisikia vizuri, hukataa kuangaliwa, kisha baada ya saa kadhaa maumivu huanza, na wakati huo huenda anavuja damu ndani. Mtu aliyepigwa tumboni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka.

Kiwengwa iko takriban kilomita 40 kutoka Hospitali ya Mnazi Mmoja iliyopo mjini. Mwulize mtoa huduma ni gari gani litakalomchukua majeruhi akiwa shambani, na nani atabaki na wageni wengine. Mjamzito, mwenye tatizo la uti wa mgongo, na aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni wabaki ufukweni.

Mwana wa Pwani Mchangani

Assalaam alaykum. Mimi ni jirani wa Kiwengwa, na nashukuru kwamba mwalimu amewauliza na wenyeji, kwa sababu misafara hii inapita mbele ya milango yetu.

Saa kumi jioni ni wakati mbaya. Watoto wetu wanatoka chuoni baada ya kusoma Qur'ani, wanatembea kwa makundi katika njia hizo hizo nyembamba, na ng'ombe wanarudishwa. Mwezi Juni jua huku linazama karibu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo safari ya saa mbili na nusu iliyoanza saa kumi inamalizikia gizani, katika njia ya maweni ambako mawe ya matumbawe yametokeza ardhini. Masika ikiwa imeisha karibuni mnaweza kukuta madimbwi, na hakuna anayejua kina cha dimbwi wala jiwe lililomo. Mashimo yakikauka linakuja vumbi, ambalo linaingia majumbani, katika nguo zilizoanikwa na katika vyakula. Mama yangu hufunga madirisha kila anaposikia ngurumo.

Tunaijua faida. Vijana wetu wameajiriwa huko, na mafundi wanapata kazi. Tunachoomba ni kwamba msafara unapofika penye nyumba upite mwendo wa mtu anayetembea, watu wasipigwe picha bila kuulizwa, na watoto wasirushiwe peremende, kwa kuwa sasa wamejifunza kuikimbilia mashine inayokuja, na siku moja mmoja wao atateleza. Ikiwa kiongozi atawaambia mshuke ufukweni mkimbizane juu ya mchanga, kataeni. Pale wanapita akina mama wanaokwenda kwenye mwani wakati maji yamekupwa, na mchanga wa juu ndio kasa wanaotagia.

Mkaazi wa Maskati

Nakubaliana na wote waliotangulia. Sisi huku Oman huendesha mashine hizi katika mchanga wa Sharqiya, na ajali tunayoiogopa ni ya mtu kuvuka kilele cha tuta bila kujua kilichopo upande wa pili, ndiyo maana mashine hubeba bendera juu ya mlingoti mrefu. Huko Unguja vumbi ndilo tuta lenu. Kama humwoni aliye mbele yako, naye aliye nyuma hakuoni wewe. Acha nafasi hadi vumbi litue, hata kama kiongozi anakupungia mkono uharakishe.

Afisa Bima

Mwalimu, shemeji yako atakuwa na bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaotoka nchi za nje wanatakiwa kuingia Zanzibar wakiwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 za Kimarekani kwa mtu mzima. Hata hivyo, bima nyingi za safari duniani huziweka kwadi katika orodha ya mambo yasiyolipiwa, au huzikubali kwa sharti la kofia na leseni. Mwombe ayasome masharti ya bima aliyoinunua Ujerumani kabla hajaondoka, na wewe usisaini fomu yoyote ufukweni bila kuisoma hadi mwisho, hasa kifungu kinachokutaka ulipie matengenezo ya mashine.

Mwalimu wa Iringa

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, na mke wangu amesoma pia. Nilikuja hapa nikidhani uzoefu wangu wa pikipiki ndio ulinzi wa familia, na sasa naona kwamba ningeweza kuwaumiza kwa uzoefu huo huo.

Leo mchana nimempigia yule wa pili. Anazo bagi mbili, ana uwanja wa mazoezi nyuma ya ofisi yake, na kiongozi wa nyuma hubeba sanduku la huduma ya kwanza. Nilipomwomba tuanze saa tatu asubuhi alikubali mara moja, akasema hata yeye huipenda zaidi saa hiyo. Nitaendesha bagi nikiwa na kijana, dada yangu ataendesha ya pili akiwa na mke wangu, na shemeji atachukua kwadi yake peke yake baada ya kusoma masharti ya bima. Nimemwambia mapema kwamba ufukweni hatutashuka.

Limebaki jambo moja. Kijana ameumia moyoni kwa kukosa kuendesha. Je, naweza kumwomba kiongozi amruhusu azungushe kwadi mara moja tu ndani ya uwanja wa mazoezi, nikiwa nimesimama pembeni?

Kiongozi wa Zamani

Usiombe hilo, mwalimu. Uwanja ndio mahali ambapo wengi huanguka, kwa kuwa ndiko wanakojaribu kwa mara ya kwanza, na kiongozi akikukatalia atakuwa amekatazwa na kazi yake.

Mpe kazi. Katika safari zangu, abiria wa bagi ya mwisho ndiye aliyenisaidia kuhesabu mashine kila tuliposimama, na kuinua mkono alipoona mtu amebaki nyuma. Mwombe kiongozi amkabidhi kazi hiyo mbele ya wote. Na aje na viatu vyake vya shule vya kufunga kamba na soksi ndefu. Makubazi yabaki hotelini, pamoja na yako.