TCP na UDP zigawane vipi laini moja ya ofisi?

Njiro_Ofisi: Wakuu, habari zenu. Ofisi yetu ya hapa Njiro, Arusha, ina laini moja ya megabiti 20 kwa sekunde. Kamera nane za ulinzi hurusha picha kwa UDP kwenda kwenye seva iliyo nje, na wahasibu hupandisha mafaili kwa TCP; hizi mbili ni itifaki, yaani kanuni za kusafirisha data mtandaoni. Kamera zikiwashwa zote, mafaili hukwama ilhali picha haziyumbi hata kidogo. Je, itifaki zenyewe hazina utaratibu wa kugawana kwa haki?

Fundi_Moshi: Mkuu, TCP inao, UDP haina. Mwezi Oktoba 1986, laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu kilicho jirani yake ilishuka kutoka biti 32,000 hadi 40 kwa sekunde, na kutokana na hali hiyo mtafiti Van Jacobson alichapisha mwaka 1988 mbinu ambazo TCP huzifuata hadi leo: pakiti (kipande cha data) ikipotea, mtumaji huchukulia kuwa kuna msongamano, hupunguza mwendo, kisha hupanda taratibu. UDP huiachia programu jukumu hilo, na kamera nyingi hazijali. Kila TCP inaporudi nyuma, kamera hubaki palepale, hivyo mwenye adabu ndiye anayekosa.

Mwanafunzi_Sakina: Basi si afadhali aibane UDP yote kwenye ruta?

Fundi_Moshi: Hapana, ndugu yangu. QUIC, itifaki ambayo tovuti nyingi huitumia sasa, hupita juu ya UDP lakini hujizuia kama TCP. Ukiibana, unamwadhibu asiye na kosa. Dawa ni foleni ya haki kwenye ruta, kwa mfano mbinu iitwayo FQ-CoDel, ambayo hutenga kila mtiririko na kuuhudumia kwa zamu. Kasi ya kupandisha iwekwe chini kidogo ya kasi halisi ya laini, la sivyo foleni itajengeka kwenye modemu, mahali ambapo ruta yako haina amri.

Hata hivyo, kamera nane ni mitiririko nane, kwa hiyo faili moja linaweza kuambulia sehemu moja tu kati ya tisa. Tena, kamera itakayokatwa pakiti haitapunguza mwendo, bali picha zake zitavunjika. Punguza kwanza kiwango cha biti (data inayotumwa kila sekunde) kwenye mipangilio ya kamera zenyewe.

Njiro_Ofisi: Nimekuelewa, mkuu. Nitaanzia kwenye kamera, kisha nihamie kwenye ruta.