Mrejesho: Homa isiyoisha ya baba mdogo, kumbe ni valvu ya moyo

Wakuu, niliuliza kuhusu baba mdogo, mfugaji wa huku Moshi: homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, kukonda, miguu kuvimba, na kila zahanati ni malaria au taifodi. Majibu yametoka. Ni maambukizi ya valvu ya moyo (kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma), na mdudu ni Coxiella burnetii, bakteria wa homa ya Q.

Aliyesema "mkapige eko ya moyo", yaani ultrasound ya moyo, asante sana mkuu. Eko ndiyo iliyoonyesha valvu inavuja. Damu iliyooteshwa maabara haikutoa kitu, kwa sababu bakteria huyu huishi ndani ya seli na haoti kwenye chupa za kawaida. Walipopima kingamwili ndipo akajulikana. Hukaa kwenye kondo, maziwa na kinyesi cha mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mtu humvuta pamoja na vumbi. Mzee anazalisha mbuzi kwa mikono mitupu tangu ujana, tena valvu yake ilikuwa mbovu zamani. Wenye valvu mbovu ndio huathirika zaidi.

Dawa ni doksisaiklini na haidroksiklorokwini, angalau miezi 18. Ndiyo, kumi na minane! Macho yatapimwa pia, maana hiyo ya pili huweza kudhuru retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Hofu kubwa ya daktari ni moyo kushindwa kazi, au kipande kumeguka kwenye valvu kikaleta kiharusi. Upasuaji bado unajadiliwa.

Mliosema karogwa, sina neno. Mwenye kujua kama bima hulipia dawa muda wote huo, aniambie.