Nilikopa laki mbili ya salfa, daftari linasoma karibu laki sita. Hesabu hii ni halali?

Mpulizaji_Tandahimba
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa tano nilikopa 200,000 kwa mama mmoja hapa kijijini ninunue salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ugonjwa wa ubwiriunga usije ukanimalizia maua. Tukakubaliana asilimia 20 kwa mwezi. Kichwani nikapiga 40,000 mara sita, Novemba nampa 440,000 tunaachana salama. Jana kanifungulia daftari: 597,000! Korosho ziko ghalani, malipo ya mnada bado. Nina pikipiki ya boda, niiuze nimalize?

Nguru_wa_Msimbati
Kausha damu hiyo, mkopo wa riba ya kunyonya. Pole, mjomba.

Mwl_Chaki
Mama hajakosea kuzidisha. Wewe umepiga riba ya mtaji peke yake, yeye kapiga riba juu ya riba: kila mwezi anachukua deni zima anazidisha kwa 1.2. Juni 240,000, Julai 288,000, Agosti 345,600, Septemba 414,720, Oktoba 497,664, Novemba 597,197. Tazama nyongeza: mwezi wa kwanza 40,000, wa sita 99,533. Asilimia ni ileile, donge ndilo limenenepa. Njia ya mkato ya kukadiria deni litajidabo lini ni kugawanya 72 kwa asilimia ya riba, hapa 20, unapata 3.6, yaani deni linajidabo kabla miezi minne haijaisha. Ukisubiri mpaka Januari ni 859,963.

Mliandikishana nini?

Mpulizaji_Tandahimba
"Asilimia 20 kwa mwezi." Basi. Shahidi ni mjumbe.

Mama_Nazi_Lindi
Hapo una pa kusimama, maana riba juu ya riba haikuandikwa. Rudini kwa mjumbe. Muulize na leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Ila usiende na kelele.

Boda_Mikindani
Uza pikipiki, nayo inaoza kila siku.

Mwl_Chaki
Inashuka, ila mwendo wake ni wa kinyume. Tuseme aliinunua 2,500,000 na kila mwaka inapoteza moja ya tano: 2,000,000, 1,600,000, 1,280,000. Mwaka wa kwanza imeliwa 500,000, wa tatu 320,000. Hata ikitimiza miaka kumi, kwenye karatasi bado kuna kama 268,000 (mashimo ya barabara zetu yana hesabu yake). Mwaka wa nne mzima utakula 256,000, wakati deni mwezi ujao pekee linapanda 119,000. Na pikipiki inaleta hela ya mboga. Tafuta kitu kilicholala.

Mpulizaji_Tandahimba
Kuna bati za nyumba, ziko chini ya kitanda. Mke wangu hataki hata kusikia.

Mwl_Chaki
Ukimpa mama 300,000 leo, deni la Desemba linatoka 716,636 linakuwa 356,636, hata kwa hesabu yake mwenyewe. Mwandikie shemeji namba hizo mbili tu, akae nazo.

Mpulizaji_Tandahimba
Mrejesho, wakuu. Mjumbe alituweka chini ya mwembe toka asubuhi hadi adhuhuri. Leseni hana, sauti ikashuka. Tumefunga 500,000: nimetoa 300,000, 200,000 mnada ukilipa, na safari hii tumeandika "bila nyongeza". Bati zimeondoka. Mke wangu alizihesabu mwenyewe zikipakiwa, moja moja, halafu akazihesabu tena.