Wakuu, namtoaje mpanda ngamia kwenye mazigazi kama kwenye filamu ya Lawrence of Arabia?

Kijana_wa_Sharqiya: Wakuu, heshima kwenu. Niko Oman, huku Sharqiya kwenye mchanga, natengeneza filamu fupi ya vita vya jangwani. Nimekwama pale mwigizaji Omar Sharif anapotokea mbali kama doa jeusi linalotetemeka mpaka anakuwa mtu. Nina lenzi ya milimita 200, ila nikipiga naona ngamia tu anakuja, basi. Ngamia ninao mpaka Ijumaa. Usingizi sina.

Fundi_Lenzi: Freddie Young, mpiga picha wa filamu hiyo, alitumia lenzi ya milimita 482, lakini kwenye filamu pana ya milimita 65. Kwa kamera ya fremu kamili (kihisi cha milimita 36 kwa 24) ni kama 350 hivi, kwa hiyo hujaachwa mbali sana. Tatizo lako ni ardhi. Hapo ulipo kuna matuta ya mchanga. Mazigazi yanataka tambarare iliyopigwa jua kisawasawa. Shuka Jiddat al-Harasis, lile jangwa tambarare la mawe, weka kamera chini, mwache aje taratibu, usikate.

Mzee_wa_Kahawa: Peter O'Toole, aliyemwigiza Lawrence, alitandika sponji juu ya tandiko la ngamia, Mabedui wakamwita baba wa sponji. Namwelewa. Mimi ngamia wa kupigia picha pale ufukweni Mombasa alinichubua, nikarudi hotelini natembea upande. Mke wangu anacheka hadi leo.

Shangazi_Kaja: Mwanangu, "mpaka Ijumaa" kwa nini? Ngamia wa nani hao?

Kijana_wa_Sharqiya: Shangazi, hilo si la msingi. Nauliza lenzi.

Shangazi_Kaja: Ndiyo la msingi. Wa nani?

Kijana_wa_Sharqiya: Haya. Wa tajiri yangu. Kasafiri, anarudi Ijumaa, na mimi ndiye ninayewalisha. Wawili ni wa mbio. Lakini watatembea tu, hawakimbii! Na jamaa wa kuigiza keshapanda basi kutoka Salalah, namrudishaje? Hata David Lean, mwongozaji wa filamu ile, hakukaa kusubiri: gharama za kupigia Jordan zilipopanda, wakahamia Hispania, wakajenga mji mzima wa Aqaba ufukweni.

Kigongo_cha_Mpingo: Walijenga, hawakuazima kimyakimya. Na Jordan walipewa askari na Mfalme Hussein mwenyewe. Wewe hata tajiri hujamwomba.

Shangazi_Kaja: Akivunjika mguu huyo wa mbio utamlipa kwa mshahara upi? Mpigie simu leo. Rizki haiibwi.

Nahodha_Mstaafu: Hii chai, sukari imezidi. Juzijuzi huyuhuyu alifungua uzi anauza bajaji, yuko Mwanza. Leo analisha ngamia wa mbio Oman na ana lenzi ya 200?

Kijana_wa_Sharqiya: Bajaji ni ya shemeji, nilimtangazia tu. Lenzi ni ya mtumba.

Kigongo_cha_Mpingo: 😂😂 Weka picha ya ngamia.

Kijana_wa_Sharqiya: Siweki, tajiri ana ndugu humu.

Nahodha_Mstaafu: Nilijua tu.

Fundi_Lenzi: Chai au si chai, mkuu, ukishapiga mara moja mchanga una nyayo. Wenzako kule Jordan walikuwa wanafagia jangwa kila wakitaka kurudia. Beba fagio. Na usimlaze ngamia kwenye changarawe ya moto.

Mzee_wa_Kahawa: Hiyo bajaji bado ipo?

Kijana_wa_Sharqiya: Ipo mzee, njoo PM.