Kuna mtu hapa Moshi afungiwe kugusa vyombo vya watu. AMEWEKA BAKULI LA SUPU JUU YA TANKI LA PIKIPIKI YANGU, SUZUKI A100!!

A100_ya_Pasua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimepishana mnivumilie.

Jina simtaji, na hakuna haja. Yeyote mwenye pikipiki ya zamani kati ya Himo na Ngaramtoni anamjua. Koti la ngozi jua la Moshi likiwaka, Honda CG125 iliyopakwa rangi mara nyingi mpaka imenenepa, na kile kicheko chake kinachotangulia utani. Huyo huyo.

Leo baada ya ibada tumekutana pale pa supu Kiborloni kama kawaida yetu. Nilienda na baba mkwe. Narudia, BABA MKWE. Mzee kashuka kutoka Kibosho kuja kuona kwa macho yake hiki chombo ambacho binti yake anakilalamikia kila akipiga simu nyumbani. Nimekipaki kivulini, nimekifuta kwa kitambaa cha flana, tanki linang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikaanza kumpa mzee darasa. Nikamwambia hii Suzuki ni mipigo miwili, krenki, ile shafti ya injini, ikizunguka mara moja imeshawaka, wakati hizo Honda za watu mpaka izunguke mara mbili ndiyo iwake mara moja. Ndiyo maana cc 98 zinapanda mlima bila kuomba msaada. Mzee anatikisa kichwa, anaelewa. Nikamwonyesha kabureta ilivyofichwa ubavuni ndani ya kifuniko, kwa sababu hewa na petroli vinaingilia pembeni ya krenki, kuna kisahani kinazunguka kinafungua na kufunga njia. Mzee akainama kabisa, mkono mgongoni, akachungulia. Kwa mara ya kwanza tangu nitoe mahari naona ananiheshimu.

Ndipo akaja yule bwana na bakuli lake. Supu ya utumbo, imejaa mpaka ukingoni. Meza zipo. Viti vipo. Kuna hata gogo. Akaweka bakuli JUU YA TANKI LANGU. Akakamua ndimu. Akanyunyiza chumvi. Akaonja. Akaongeza chumvi! Kisha akamgeukia mzee: "Shikamoo baba. Hii mashine ya kufukuza mbu angalau leo imepata kazi."

Juu ya tanki, wakuu. Mbele ya baba mkwe.

Na anayesema hivyo anaendesha nini? CG! Pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya watu wasiomwaga oili. Honda wenyewe walizunguka nchi zinazoendelea kama yetu, wakaona cheni hatukazi, oili hatubadilishi, wakaenda zao wakatoa hiyo kitu mwaka 1976. Wakarudisha vifimbo vya kusukuma valvu, teknolojia ya zamani, wakaifungia cheni nzima ndani ya bati ili tusiisogelee. Yaani umenunua chombo kilichokutukana tangu kiwandani, halafu unakuja kunitukana mimi! Na hizo toyo zote zinazokupigia honi pale stendi, nyingi ukizifungua tumbo ni CG hiyo hiyo Mchina kainakili. Kwa hiyo unaringia babu wa bodaboda.

Tone la mafuta ya utumbo likateremka taratibu, likapita juu ya maandishi ya SUZUKI, likaingia chini ya siti. Nililiangalia lote. Mzee naye aliliangalia. Naomba ushauri, nianze kwa balozi wa nyumba kumi au niende moja kwa moja kwa mchungaji?

Mangi_Mkavu

Swali la msingi ambalo mleta uzi amelikwepa: utumbo mtupu au ulichanganywa na kongoro?

Platini_Mbovu

Pole mkuu. Ila hapo kwa CG umeteleza. Kutengenezewa kitu kinachovumilia uzembe si tusi, ni huruma. Mimi ya kwangu ilikaa chini ya mwembe kwa shemeji yangu Machame miaka mimi nikiwa Dar, kuku wanalala kwenye siti. Nilimwaga oili, nikasugua platini (zile ncha mbili zinazokata umeme wa plagi) kwa msasa, nikaacha upenyo wa kama milimita 0.35, nikapiga kiki. Imewaka. Kuku ndio walikataa kushuka. A100 ingekaa vile pistoni ingekuwa imeoana na silinda.

Na usiku wote tuko gizani tu. A100 volti 6, CG za mwanzo volti 6. Ukisimama makutano taa inasinzia, ukivuta moto (mkono wa mafuta) inaamka. Sasa ubishi wa nini?

A100_ya_Pasua

Ubishi ni BAKULI. Sikuuliza habari za taa.

Shahidi_wa_Kiborloni

Mimi nilikuwepo, meza ya pembeni. Mleta uzi ameruka vipande viwili.

Kimoja, baba mkwe alicheka. Hakutabasamu, ALICHEKA, mpaka akashika kofia. Akamwambia jamaa asogeze bakuli kidogo, akaweka na la kwake.

Cha pili, wakati wa kuondoka ile A100 ilipigwa kiki mpaka kijana wa chapati akaja kusaidia. Haikuwaka. Mzee kapandishwa Kibosho kwenye siti ya nyuma ya CG, akiwa amekumbatia lile koti la ngozi. Alipunga mkono.

Mangi_Mkavu

🤣🤣🤣 Uwiiii! Mzee karudi nyumbani na CG!

A100_ya_Pasua

Ilikuwa plagi tu! Plagi ilikuwa imelowa, hata CG inalowa plagi! Na lile la pili aliweka kwa sababu la kwanza lilikuwepo tayari. Mtu mzima anafuata alichokikuta.

Chalii_wa_Kijenge

Nyie wa Moshi hamna matatizo, mna muda. Njooni Arusha muone matatizo.

Juzi kaja mwenzenu mmoja na mipigo miwili yake, kaendesha kilomita themanini kutoka huko, kafika kwa Mrombo pikipiki inakohoa, anatoa moshi mweupe mtaa mzima unafunga madirisha. Akaanza kutukana petroli ya Arusha. Chalii yangu, petroli haina kosa. Moshi hamfiki mita 1,000 juu ya bahari, sisi huku tunakaribia 1,400. Hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa huko ikija huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi inakuwa nyeusi tii. Unashusha jeti (kile kitundu cha petroli) namba moja au mbili, unasogeza sindano kidogo chini, maisha yanaendelea. Kanibishia. Kaondoka kwa kusukuma.

Kuhusu supu sina maoni, huku tunakula kwenye meza.

DT_ya_Old_Moshi

Mnabishana A100 na CG, mvua ya masika ikinyesha wote mnaziacha nyumbani mnapanda daladala. Mwenye Yamaha DT125 anapita zake. Matairi ya vipele, ekzosi imepanda juu, tope liko chini na mambo yake. Basi.

Lakini mimi nina langu, na ni kubwa kuliko bakuli. Kuna fundi pale Majengo, namba ya mtaa sitaji, mnamjua. Nimempelekea DT kubadilisha kebo ya moto. KEBO. Nimerudi jioni nakuta kaziba na pampu inayopeleka oili kwenye injini, kaing'oa, kaiweka kwenye kopo la Blue Band. Namuuliza, mzee, pampu ilikukosea nini? Ananiambia "dogo, hizo zinasumbua, wewe changanya tu kwenye tanki, robo lita ya oili kwa lita tano za petroli." Kwa mdomo mkavu kabisa.

Haya, nikachanganya. Nikapanda mlimani vizuri. Kushuka je? Mteremko wote ule umeachia moto, petroli haiingii, na kama petroli haiingii na oili nayo haiingii, maana zinasafiri pamoja! Injini inazungushwa na tairi ikiwa kavu. Pampu ingekuwepo, krenki ikizunguka nayo ingekuwa inadondoshea kidogo hata moto ukiwa umefungwa. Nimefika daraja la chini nikasikia "kriiiii", tairi la nyuma limegoma, nimelala kwenye kahawa za watu. Imenoki. Nimerudi kwake ananiambia "ulikuwa unashuka vibaya".

ULIKUWA UNASHUKA VIBAYA!

Platini_Mbovu

Huyo fundi namjua. Mimi aliniondolea filta ya hewa "ili ipumue".

Chalii_wa_Kijenge

Wa kwetu aliniwekea cheni ya guta. Inafika kabla yangu.

A100_ya_Pasua

Poleni wakuu wa mafundi, ila naomba turudi kwenye mada. Tanki lina doa. Nimesugua kwa sabuni ya unga halitoki.

Dada_wa_C70

Nimesoma mpaka hapa natafuta mwanaume aliyetaja Super Cub, hakuna. Mnaona haya kwa sababu haina tanki la kukumbatia.

Kitu kimetengenezwa tangu 1958, kufikia 2017 zilishapita milioni 100 duniani, hakuna chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi hivyo, nyie mnagombania A100 ambayo mkikutana wawili mnapiga picha. C70 yangu nimerithi kwa marehemu baba, alikuwa mwinjilisti, imepita njia zote za Kilema na Marangu. Klachi haina mkono, unakanyaga gia inaingia, mkono wa kushoto unabaki na mkungu wako wa ndizi. Lile bati la mbele linakinga tope, gauni la ibada linafika safi. Na bakuli huwezi kuliweka popote, kila mahali pameinama.

Sasa mnataka matusi? Mimi nikifika kituo cha mafuta, niko juu ya pikipiki, nimevaa helmeti, funguo iko mkononi, yule kijana wa pampu anaangalia nyuma yangu, kulia, kushoto, halafu ananiuliza: "Mama, mwenye pikipiki yuko wapi?" Kila wiki! Nikisema ni mimi anauliza "mzee ndiye aliyekutuma?" Mzee yuko makaburini, mwanangu, jaza lita mbili. Na juzi amemimina dizeli.

Mangi_Mkavu

DIZELI?

Dada_wa_C70

Dizeli. Halafu akaniambia niende nayo polepole itazoea.

DT_ya_Old_Moshi

Dada, huyo na fundi wangu ni ndugu wa tumbo moja. Ulimwaga yote? Kabureta uliifungua? Fungua na lile bakuli la chini la kabureta, mabaki hukaa pale.

A100_ya_Pasua

Tukizungumzia bakuli…

Platini_Mbovu

Dada, usipige kiki kabla hujakausha plagi. Uko upande gani? Nina jiko la gesi na brashi ya waya, nakuja nayo Jumamosi. Tutahitaji kufungua magineti tukague na platini kabisa, umeme wake ulikuwa dhaifu hata kabla ya dizeli, niliuona taa yake pale Rau. Pula ya kuvutia magineti itoke sina, nilimwazima mtu wa humu humu kwenye uzi na hajarudisha.

Chalii_wa_Kijenge

Mnaazimana pula? Ndiyo maana.

Platini_Mbovu

Tangu kabla ya Krismasi. Sitaji. Anajijua.

DT_ya_Old_Moshi

Mkuu, kama ni mimi unanisema, iko salama. Lakini nawe una elfu kumi na tano yangu ya kabureta.

Platini_Mbovu

Kabureta ipi? Ile iliyopasuka?

DT_ya_Old_Moshi

Ilipasukia kwako.

Dada_wa_C70

Jumamosi saa tatu, Kiborloni, mje wote wawili na pula. Nitapika mtori, lakini mtakula baada ya pikipiki kuwaka.

Mangi_Mkavu

Mimi sina pikipiki. Naruhusiwa?